Mtoto wako na somo la historia: mambo ambayo mzazi wa mpakani anapaswa kujua

Mtoto amerudi kutoka shuleni na swali la kazi ya nyumbani: "Ukoo wetu ulitoka wapi, na kwa nini ulihama?" Kama unaishi Sop Sop, Mulanda, Malaba au mjini Busia, swali hilo si jepesi. Huenda wewe ni mwenyeji na ndugu zako wako ng'ambo ya mpaka. Huenda ulivuka mpaka huo ukikimbia. Makala hii inaeleza jinsi historia inavyofundishwa katika sekondari za Uganda, na jinsi unavyoweza kumsaidia mtoto hata kama wewe mwenyewe hukusoma sana.

Somo likoje sasa?

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020. Somo linaitwa Historia na Elimu ya Siasa, na ni la lazima kuanzia S1 hadi S4. Katika S1 wanafunzi wanaanza na jinsi tunavyojua mambo ya kale, kisha asili na uhamaji wa makabila ya Afrika Mashariki.

Katika matokeo ya UCE, asilimia 80 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho na asilimia 20 kwenye kazi anazofanya shuleni. Kwa hiyo mtoto anayekosa shule wiki nzima kwa sababu ya shamba au soko anapoteza alama ambazo hawezi kuzirudisha kwa kukariri usiku wa mwisho.

Mtoto wangu alisoma Kenya. Je?

Huko alifundishwa mengi zaidi kuhusu Kenya, kwa hiyo atakutana na mada ambazo ni ngeni kwake. Matokeo ya mtihani wa nchi nyingine hulinganishwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kabla ya mwanafunzi kusajiliwa kwa mtihani wa taifa. Muulize mwalimu mkuu mapema, na utunze vyeti halisi. Usisubiri mwaka wa mtihani.

Mpaka wenyewe ni somo

Watoto wengi wanadhani mpaka huu umekuwepo siku zote. Sivyo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha jimbo zima la mashariki ya Uganda, hadi upande wa Naivasha, wakaliweka chini ya utawala ulioitwa baadaye Kenya. Wenyeji hawakuulizwa. Ndiyo maana leo Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, na Jopadhola wa Tororo wanazungumza lugha iliyo karibu na ya Wajaluo wa Kenya.

Mwaka 1976 Idi Amin alitumia historia hiyo kudai sehemu ya magharibi ya Kenya, na Kenya ikakataa kabisa. Hapo mwanafunzi anaona kwamba jambo la kweli la zamani linaweza kutumiwa kuchochea ugomvi wa leo.

Watu nao wamekimbia kwa pande zote mbili. Miaka ya 1970 raia wengi wa Uganda walivuka kwenda Kenya wakimkimbia Amin. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuja Uganda. Wengi walipokelewa Mulanda, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo. Mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mkimbizi wakijua haya yote mawili, ni vigumu mmoja kumwita mwenzake "wa kuja".

Unawezaje kusaidia?

Usiseme "mimi sina elimu." Profesa Bethwell Ogot wa Kenya aliandika historia ya Wajaluo, wakiwemo Jopadhola, kwa kutegemea sana masimulizi ya wazee. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Anachokumbuka bibi ni ushahidi, mradi kichunguzwe. Mwelekeze mtoto hivi:

- Aulize watu wawili au zaidi, si mmoja.
- Aandike nani alisema, na kama aliona mwenyewe au alisikia.
- Kama mtu hakumbuki mwaka, aulize: ilikuwa kabla au baada ya njaa, vita au uchaguzi gani?
- Pale masimulizi yanapotofautiana, aandike yote mawili, kisha alinganishe na kitabu.

Historia inapouma

Kuna mambo ambayo hutaki kuyasimulia. Una haki hiyo. Mwambie mtoto: "Hilo nitakueleza ukiwa mkubwa zaidi," kisha mpe jambo jingine la kuandika, kama safari, chakula au jina la kijiji. Usimtungie uongo, akija kujua, hatakuamini tena.

Mtoto pia asilazimishwe kusimama mbele ya darasa na kueleza jinsi familia yake ilivyokimbia. Ikitokea hivyo, au akidhihakiwa kwa kabila lake, nenda ukaongee na mwalimu kwa utulivu, na umwombe ampe kazi nyingine ya kiwango kilekile. Usipopata msaada, mfikie mwalimu mkuu, kisha kamati ya wazazi.

Na leo jioni, kabla taa haijazimwa, muulize: "Mwalimu alifundisha nini kwenye historia?" Kisha msikilize.