Mteremko Huumiza Kuliko Mlima

Mtu akishuka milima ya Muyama, mkoani Kigoma, na mzigo kichwani, kesho yake mapaja humuuma kuliko alipopanda. Nawajua wanaodhani ni malaria, wakanunua vidonge bila kupimwa.

Musuli ni fungu la nyuzi. Ndani ya kila uzi mna nyuzi nyembamba mno za protini, aktini na miosini. Neva ikileta amri, kalsiamu humwagwa humo, miosini ikaishika aktini na kuivuta. Nyuzi hupishana, musuli ukafupika. Walioeleza hayo mwaka 1954 ni pamoja na Hugh Huxley na Andrew Huxley (hawakuwa ndugu!).

Mteremkoni, paja huvuta huku uzito ukilirefusha, na baadhi ya nyuzi huchanika. Maumivu hayo huisha siku chache. Homa ikiwapo, kapime damu.