Jina Lako Kazini

Hapa Feri twawaona akina mama wakivuka kutoka Likoni alfajiri. Nyumbani ni Kadzo au Mbeyu, kazini ni "Mary", eti tajiri jina la kwao lamshinda ulimi. Kuitwa si neno. Taabu ni kuandikwa. Akiba ya NSSF hulinganishwa na kitambulisho, na "Mary" wa daftarini hamo. Mwambie tajiri, kwa adabu, aandike jina la kitambulisho. Kama limeshakosewa, wakili akutolee hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Wengine hulificha la nyumbani wakidhani Kanisa halilitaki. La, jamani! Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 855, yakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo.