Tulivyouza Nyumba ya Kamanga Wakati Wateja Wamehamia Darajani

Ukiwa unauza nyumba kuna mteja wa aina moja utamchoka mapema sana. Anakuja Jumapili mchana na mkewe, anavua viatu mlangoni kwa heshima zote, anakagua vyumba mpaka stoo, anasimama barazani na kuliangalia ziwa. "Aisee, huku mnakula upepo!" Anakunywa soda. Anaaga, "Nitawapigia." Hapigi.

Mimi na mume wangu tulipata saba wa namna hiyo mwaka 2025, pale Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Baba watoto alikuwa amehamishiwa Dodoma, mimi naomba uhamisho nimfuate, na mkopo tuliojengea unaendelea kukatwa kwenye mshahara wangu kama kawaida. Nyumba ilitakiwa iuzwe. Kwa bahati mbaya tuliitangaza wiki chache tu baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa, tarehe 19 Juni 2025.

Daraja ni jambo jema, nani atabisha? Kilomita 3 juu ya maji, na pale ambapo watu walikuwa wanasubiri kivuko mpaka wanasinzia, sasa gari linapita kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba sisi wa Kamanga tulikuwa tumejipigia hesabu za Kigamboni. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Dar mwaka 2016, kila mwenye kiwanja Kigamboni alianza kutembea kifua mbele. Tukadhani na sisi mambo yatakuwa hivyo hivyo. Tukasahau kwamba la kwetu limepita kusini, mbali na sisi. Mtu wa Kamanga akitaka kwenda mjini kwa gari bila kivuko, lazima azunguke kupitia njia ya Sengerema. Basi kila mteja aliyepiga simu swali lilikuwa lile lile: "Dada, hamna kitu upande wa Busisi au Usagara?"

Tulianza na bei ya milioni 95. Imetoka wapi? Tulijumlisha risiti zetu zote, ikaja milioni 78, tukaongeza "ya jasho". Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapochemsha. Mnunuzi hajali kwamba mabati ulinunua wakati bei imepanda, wala kwamba fundi wa kwanza alikutapeli ukabomoa ukuta mara mbili. Yeye analinganisha nyumba yako na nyingine anayoweza kupata kwa mkwanja ule ule, basi.

Halafu tukaongeza kosa juu ya kosa. Tulimwaga pesa kwenye urembo, milioni 3 za jipsamu sebuleni na taa za rangi rangi. Shosti wangu alipoona akasema, "Hapa kama ukumbi wa harusi!" Katika wateja wote hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kuangalia dari. Walifungua bomba la jikoni kuona kama maji yanatoka. Walivuta maji chooni. Waligusa ukuta wa chumba cha watoto, pale penye alama ya unyevu tuliyoificha kwa kabati. Mmoja alilisogeza kabati lenyewe, mbele yetu, kisha akatutazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya aibu ile tulifanya kazi za maana. Tuliziba bati lililokuwa linavujisha, tukaacha ukuta ukauke ndipo tukapaka rangi, tukabadilisha koki mbili na kitasa cha choo, tukafyeka majani mpaka njia ya kwenda ziwani ikaonekana. Haikufika hata laki nne. Ile picha ya harusi yetu kubwa ya sebuleni niliishusha mwenyewe, maana kila mteja alikuwa anaitazama hiyo badala ya kutazama nyumba.

Sasa niwaambie habari ya ziwa, kwa sababu ukiuza nyumba ya ufukweni hili swali halikwepeki. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda vibaya, na mwaka 2024 yakapanda tena. Mteja wa mjini anakumbuka. Anataka kujua maji yalifika wapi na kama yatarudi. Pia kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kuna watu wanauza mandhari hapa bila kuitaja meta hata moja! Dalali wetu alitushauri tunyamaze, "msiwaamshe waliolala." Sisi tulichukua futi kamba, tukapima kuanzia alama ya maji ya 2024, ikaja meta 74 mpaka kwenye ukuta wa baraza. Tukapigilia vigingi, tukaweka na picha tulizopiga mwaka ule maji yakiwa juu. Kuanzia hapo maongezi na wateja yalibadilika kabisa, kwa sababu mtu alikuwa anaona kwa macho yake.

Kuhusu madalali nitasema kidogo tu: chukua mmoja. Sisi tulikuwa nao watatu, na nyumba ile ile ikawa inatangazwa kwa 95, 88 na 80. Mteja akisikia bei tatu anajua kuna ya nne.

Lakini hao madalali walikuwa na afadhali kuliko sisi wenye nyumba. Mteja wa tano alikuwa siriazi, amekuja na mkewe mjamzito, wameuliza maswali ya watu wazima. Usiku uchungu ukianza itakuwaje? (Tulimjibu ukweli: ni barabara, hospitali ya Sengerema.) Baba watoto akamtajia 90, mwisho. Yule kaka akatabasamu. "Mbona shemeji yenu kaniambia dada yuko tayari hata kwa 70?" Kumbe ni kweli, nilimwambia wifi yangu jikoni, kwa siri, nikiwa nimechoka. Mteja akaondoka na sisi tukabaki tunatazamana. Siku tatu hatukusemeshana zaidi ya "chakula tayari."

Siku ya nne mume wangu akaja na karatasi mbili. Kila mmoja aandike peke yake bei ambayo chini yake hauzi. Yeye akaandika 75, mimi 55. Kisha tukaandika kinachotutoka kila mwezi nyumba ikiendelea kukaa: riba ya mkopo, mlinzi, umeme, nauli za yeye kutoka Dodoma kuja kuonyesha wateja. Ikaja 600,000. Kwa mwaka na nusu ni karibu milioni 11. Maana yake, kumsubiri mtu wa milioni 75 mpaka mwaka na nusu upite ni sawa na kumuuzia leo mtu wa 64, na huna uhakika kama huyo wa 75 yupo. Tukakubaliana 62 ndiyo sakafu, na hakuna kumwambia mtu, hata wifi.

Wanaume msikasirike, lakini kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Hata jina lake lisipokuwa kwenye karatasi. Mnunuzi mjanja atataka kumwona mke akisaini mbele yake.

Makaratasi anza nayo kabla hujapaka rangi. Eneo letu ni ardhi ya kijiji na tuna hati ya kimila, kwa hiyo uhamisho lazima uidhinishwe na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Vikao havifanyiki kila ukitaka. Tulisubiri wiki tano. Na zile risiti zilikuja kutufaa upande mwingine: kodi ya mauzo ya nyumba kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na bila risiti utathibitishaje kwamba hukupata faida?

Mwezi wa nne akapiga simu yule kaka mwenye mke mjamzito. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Walikuwa wamezunguka Busisi na Usagara, viwanja walivyoviona havikuwa na nyumba juu yake na bei yake ilikuwa haishikiki. Akasema 60. Baba watoto akanitazama, akanipa simu. Nikasema 66. Tukamalizana 64, tukasaini wote wanne ofisi ya kijiji, mtoto amelala mgongoni kwa mama yake. Mzee mmoja wa halmashauri akanishukuru, "Wabeja, mayu," akauliza mbwa tunaenda naye Dodoma.

Mbwa tuliwaachia.