Lishe na Mifupa ya Mbwa wa Jamii Kubwa

Mtu afugaye mbwa mkubwa kwa ajili ya ulinzi hupenda kumwona mtoto wa mbwa wake akikua upesi. Humlisha nyama tele, na akisikia kwamba mifupa huhitaji madini ya chokaa, humwongezea vidonge vya kalsiamu au unga wa mifupa. Baada ya miezi michache huenda akaona miguu ya mbele imepinda, viungo vimevimba na mnyama anachechemea. Huongeza chokaa zaidi, na hali huzidi kuwa mbaya. Makala haya yanaeleza sababu za jambo hilo, na kupima baadhi ya tiba za asili zinazotumiwa majumbani.

Kasi ya ukuaji

Mtoto wa mbwa wa jamii ya Great Dane huzaliwa na uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo. Afikapo umri wa mwaka mmoja na nusu hivi huwa na kilo 50 hadi 70, yaani ameongezeka mara mia moja hivi. Binadamu huzaliwa na kilo 3 hivi, na huchukua miaka 18 kuongezeka mara ishirini.

Mfupa mrefu hukua karibu na ncha zake, penye tabaka la gegedu. Chembechembe hai za gegedu huongezeka na kujipanga safu safu, kisha nafasi yake huchukuliwa na mfupa mgumu wenye kalsiamu na fosforasi. Kwa kuwa kazi hii huenda kwa kasi kubwa katika mbwa wa jamii kubwa, kosa la chakula ambalo lingemwathiri kidogo tu mbwa mdogo huweza kumletea huyu kilema cha maisha.

Fundisho la mwaka 1919

Mwanzoni mwa karne ya 20 watoto wengi wa miji ya Uingereza walikuwa na matege. Daktari Edward Mellanby alifanya majaribio mjini London kwa kutumia watoto wa mbwa. Waliolishwa zaidi nafaka, hasa oti, walipata matege; waliopewa mafuta ya ini la samaki hawakuyapata. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1919, na baadaye kiini kilichomo katika mafuta hayo kikaitwa vitamini D, ambayo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Ilibainika pia kwamba nafaka zina asidi ya fitiki, ambayo hushikamana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe. Mahindi nayo yana asidi hiyo. Hivyo ugali mtupu ni chakula duni kwa mtoto wa mbwa.

Ngozi ya binadamu ipigwapo na jua hutengeneza vitamini D. Ngozi ya mbwa haiwezi kufanya hivyo kwa kiasi cha kutosha, kama watafiti wa Uholanzi walivyoonyesha mwaka 1994. Kwa hiyo mbwa anayeshinda juani bado hutegemea chakula, kama vile samaki, ini na mayai.

Upungufu na uzidifu

Kilo moja ya nyama isiyo na mfupa ina takriban gramu 2 za fosforasi, lakini gramu 0.1 tu ya kalsiamu. Mwili wa mtoto wa mbwa huhitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo. Anayekula nyama tupu hupungukiwa na kalsiamu katika damu. Hapo tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni inayoamuru kalsiamu itolewe mifupani. Damu hupata haja yake, lakini mifupa hubaki myembamba na huvunjika kwa urahisi.

Je, dawa ni kumpa kalsiamu bila kipimo? La. Mtoto wa mbwa wa umri mdogo hawezi kuizuia vema kalsiamu inayozidi isipite utumboni. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1985 na wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, watoto wa Great Dane waliopewa kalsiamu mara tatu ya kiasi cha kutosha walipata kasoro za mifupa. Gegedu haikugeuka mfupa kwa wakati wake, ikawa nene na dhaifu.

Wingi wa chakula nao una madhara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliotolewa mwaka 1974, ulionyesha kwamba Great Dane walioachwa kula watakavyo walipata kasoro za mifupa kuliko wenzao waliopewa theluthi mbili za kiasi hicho. Unene wa mtoto wa mbwa, basi, si dalili ya afya.

Tiba za asili

Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na takriban asilimia 38 ya uzito wake ni kalsiamu. Ili kilo moja ya nyama ipate gramu 2.4 za kalsiamu, zahitajika gramu 2.3 zaidi, sawa na gramu 6 hivi za ganda lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa: kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Dagaa waliwao na mifupa yao huleta kalsiamu, fosforasi na vitamini D kwa pamoja. Anayelishwa chakula kamili cha kiwandani kilichotengenezwa kwa watoto wa jamii kubwa asiongezewe chochote.

Mafuta ya ini la samaki yatumiwe kwa kipimo cha daktari wa mifugo, kwa maana vitamini A na D hulimbikizana mwilini na kuleta sumu. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali viwezavyo kutoboa utumbo. Vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo wengine hutumia kufukuza minyoo na kupe, vina kemikali ziharibuzo chembechembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitu hakiwi salama kwa sababu tu kimetoka shambani.

Jaribio kwa wanafunzi

Mfupa wa paja la kuku usafishwe na kuzamishwa ndani ya siki kwa muda wa juma moja, siki ikibadilishwa kila baada ya siku mbili. Asidi itayeyusha madini, na mfupa utaweza kupindwa bila kuvunjika. Ganda la yai likitiwa katika siki litatoa mapovu ya kaboni dioksaidi. Mwanafunzi atakayeushika mfupa huo laini atafahamu jinsi miguu ya mbwa mzito inavyopinda madini yakipungua. Lakini akumbuke pia wale Great Dane wa Utrecht, ambao madhara yao yalitokana na wingi wa madini hayo hayo.