Mlima ndani ya chumba: namna maketi ya treni inavyoeleza njia ya milimani

Anayesafiri kutoka Uvira kwenda Bukavu anajua kupanda Ngomo si mchezo. Barabara inajikunja, malori yanapumua kwa shida, na upande mmoja ni bonde tu. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa njia ya reli katika uwanda wa Ruzizi, toka Kalundu mpaka Kamanyola. Iliishia hapo chini ya milima, haikufika Bukavu, na leo haiko tena. Je, treni inaweza kupanda mlima wa namna ile?

Kuko watu wanaojibu swali hilo kwa mbao, karatasi na plasta. Wanatengeneza maketi, ni kusema mfano mdogo wa reli na mlima wake, na treni ndogo za umeme zinatembea juu yake. Kazi hii inapendwa sana Ulaya, na mlima mmoja unaopendwa ni Gotthard, kule Uswisi. Katika jumba la makumbusho ya usafiri la Luzern, maketi ya sehemu ya njia hiyo, kati ya Erstfeld na Wassen, imeonyeshwa kwa miaka mingi.

Reli ya Gotthard ilifunguliwa mwaka 1882. Inaanza kupanda Erstfeld, kwenye mita 472 juu ya usawa wa bahari, na kufika Göschenen kwenye mita 1106. Treni ina magurudumu ya chuma juu ya chuma, basi mpando mkali unaiteleza. Kule, kila mita 1000 za reli zinapanda mita 26 hivi tu. Kwa hiyo wajenzi walirefusha njia: waliizungusha ndani ya mlima kwa mahandaki, itokee juu ya pale ilipoingia. Ndiyo maana msafiri anaona kanisa la kijiji cha Wassen mara tatu: kwanza liko juu yake, kisha karibu usawa wake, mwisho liko chini.

Sasa, kuingiza mlima huo chumbani ni kazi ya hesabu. Kipimo kinachotumiwa sana ni 1 kwa 87, ni kusema mita 87 za kweli zinakuwa mita 1. Kwa kipimo hicho, kimo kutoka Erstfeld mpaka Göschenen kingekuwa zaidi ya mita 7, sawa na nyumba ya ghorofa. Reli yenyewe, kilomita 29 hivi, ingekuwa na urefu wa mita 333. Hakuna chumba cha namna hiyo.

Basi fundi anachagua. Behewa, daraja na kanisa vinabaki na kipimo chao. Umbali kati yao unafupishwa, na kona zinakazwa. Kitu kimoja hakiguswi: kanisa lazima lionekane mara tatu. Ukilikosea hilo, utakuwa umetengeneza mlima wowote tu, si Gotthard.

Kisha mikono inaanza. Fundi anasoma ramani yenye mistari ya mwinuko, anakata mbao au frigolite kufuata kila mstari, anapanga tabaka juu ya tabaka. Juu yake anabandika karatasi zilizoloweshwa kwa gundi, halafu plasta. Mawe anayapaka rangi ya maji mara nyingi, nyepesi kwanza, ili nyufa zibaki nyeusi. Miti ya mbali anaifanya midogo kuliko ya karibu, na jicho linadanganyika kuwa bonde ni refu. Tena, kila handaki linaachiwa mlango wa nyuma, kwa sababu treni itaanguka siku moja na mkono lazima uifikie.

Hata shule isiyo na umeme inaweza kujaribu sehemu ya kazi hii. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi, Ziwa Kivu mita 1460 hivi. Tofauti ni karibu mita 690, haipiti sana ile ya Gotthard. Chukua kipimo cha 1 kwa 10 000: kimo hicho kinakuwa sentimita 7 za kartoni. Sasa chukua uzi na uupandishe taratibu, sentimita 2.6 kwa kila mita moja. Utahitaji uzi wa zaidi ya mita 2 na nusu, na mwanafunzi atatafuta mwenyewe pa kuuzungusha.

Uzi huo wa zaidi ya mita 2 na nusu ni zaidi ya kilomita 26 za reli ya kweli, pamoja na madaraja na mahandaki yake. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, treni inaweza kupanda. Siku mtu akija kutuahidi reli mpaka Bukavu, tumuombe kwanza atuonyeshe uzi wake unapita wapi.