Steshenari, shule ya TEHAMA isiyo na kibao

Dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, foleni ya Vwawa huhamia steshenari. Ndani kuna mashine ya kutoa nakala, kompyuta moja au mbili, na kijana ambaye macho hayabanduki kwenye kioo. Asubuhi humjazia mwanafunzi fomu ya HESLB. Mchana humtumia mwalimu asiye na kazi maombi yake kwenye Ajira Portal. Jioni humwombea mwenye duka leseni kwenye mfumo wa TAUSI, kisha humsajilia mwingine jina la biashara BRELA.

Muulize kijana huyo anafanya kazi gani. Huenda akakujibu kwamba anajishikiza tu hapo huku akitafuta ajira. Hapo ndipo tunapokosea. Anachokifanya ni kazi ya TEHAMA, tena inayotegemewa na mji mzima. Ngazi ya kwanza amekwisha kuikanyaga, ila hakuna aliyemwonyesha ya pili.

Tatizo si kwamba Vwawa iko mbali na teknolojia. Tangu Mkoa wa Songwe umegwe kutoka Mbeya mwaka 2016, mji huu ndio makao makuu yake. Barabara kuu ya Zambia inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Tunduma na kuungana na mtandao wa Zambia. Mpaka wenyewe wa Tunduma sasa unaendeshwa kwa kompyuta. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu, lakini lori halivuki kwa sababu ya jengo. Linavuka pale tamko la forodha linapokubaliwa na mfumo. Tarakimu moja ikikosewa, dereva analala kwenye foleni na mwenye mzigo anahesabu hasara.

Basi njia ya kwanza ya kuifikia ngazi ya pili ni hiyo ya uwakala wa forodha. Afrika Mashariki ina cheti chake maalumu cha fani hii, na hapa nchini hufundishwa na Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Aliyezoea kujaza fomu za watu bila kukosea ana mtaji wa kuanzia. Kilichobaki ni sheria na taratibu za forodha.

Njia ya pili ni ya mikono: kukarabati simu na kompyuta, kufunga kamera za ulinzi, kuvuta nyaya za mtandao. VETA hufundisha ufundi kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 3. Pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi simu aliyejifunzia kibandani aulize kama fani yake imo, kwani huenda akahitaji kupimwa tu badala ya kuanza upya.

Njia ya tatu ni ndefu zaidi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kipo mwendo wa basi tu kutoka Vwawa. Aliyefaulu hisabati na fizikia kidato cha nne anaweza kuanzia stashahada na kupanda hadi shahada. Hana sababu ya kudhani kuwa kukosa kidato cha tano ni mwisho wa safari.

Ipo na kazi mpya ambayo steshenari imeizaa bila kujua. Kompyuta ile ina namba za NIDA, vyeti na nywila za watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Taasisi zitahitaji watu wanaolijua jambo hili. Kijana wa steshenari anaweza kuanza leo kwa kufuta faili za mteja aliyekwisha kuhudumiwa.

Neno la tahadhari kwa wazazi. Kozi ya mwezi mmoja ya kuchapa barua si mbaya, lakini peke yake haifungui mlango mkubwa. Na si kila chuo chenye bango zuri kimesajiliwa. Kabla hujauza gunia la mwisho la kahawa ili ulipe ada, nenda steshenari, umwombe yule kijana afungue tovuti ya NACTVET, au ya TCU kama ni chuo kikuu, akuonyeshe jina la chuo hicho. Ukishaondoka, naye atafute chuo chake.