Besi ina nyuzi tano, freti 15: Feki au dhahabu?

MSHIKAJI, Kariakoo ukiambiwa kitu ni "orijino" mara tatu kabla hujauliza bei, kumbuka mjini shule! Kwenye raba au saa unaweza kujitetea. Lakini gitaa la besi la mtumba? Wengi husoma jina kichwani, wakatoa mkwanja. Jina lenyewe stika tu, linabanduliwa na kubandikwa jingine.

Kuna kulizwa kwa namna nyingine pia: kuachia gitaa adimu kwa bei ya karanga, kisa limekaa kiajabu.

Tuseme umeletewa besi ya Fender yenye nyuzi tano. Unahesabu freti, vile vyuma vilivyolala shingoni, unakuta 15 tu. Besi nyingi za Fender zina 20. Kijiweni watacheka: "Hiyo imechongwa Gerezani!"

Taratibu, bwana. Fender walitengeneza kweli besi hiyo kati ya 1965 na 1970, wakaiita Bass V. Uzi wa tano wa besi za siku hizi huwa mnene, unashuka hadi B. Wa Bass V ni mwembamba, unapanda hadi C. Ndiyo maana freti zilipunguzwa: freti ya 15 kwenye uzi wa C inatoa sauti ileile ya freti ya 20 kwenye uzi wa G. Haikuuzika sana, ikaachwa. Ukiifunga nyuzi za kisasa za kuanzia B, umeshaiharibia mpango mzima.

Sasa chukua futi kamba ya fundi cherehani. Pima kutoka pale nyuzi zinapoanzia shingoni hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Bass V itakupa kama sentimita 86, sawa na besi ya kawaida. Ukipata 76 usikimbilie kusema ni ya mtoto. Mustang Bass ya 1966 ina urefu huo. Bass VI ya 1961 nayo ni hivyohivyo, tena ina nyuzi sita. Si solo hiyo! Inalia oktavu nzima chini ya gitaa la kawaida.

Halafu mwite fundi redio afungue kifuniko. Mgongoni mwa volyumu huwa kuna namba. Ukiona 304 6612, basi 304 ni kiwanda cha Stackpole, 66 ni mwaka 1966, na 12 ni wiki ya 12. Gitaa haliwezi kuwa limefungwa kabla ya hapo, labda volyumu iwe imebadilishwa. Lehemu mpya itakuumbua.

Na kubadilishwa ni kawaida. Kumbuka NUTA Jazz ya 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma: ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama, si ya mpigaji. Gitaa la kazi hupita mikono mingi, hufungwa spea iliyopo. Kwa hiyo usihukumu kwa kitu kimoja. Hesabu, pima, fungua, ndipo uongee bei.

Na ukishanunua, spea za zamani usitupe. Siku ya kuuza, hizo ndizo shahidi wako!